Kadi Moja, Watu Wawili

Ijumaa, baada ya sala. Joto limerudi na unyevu wake, shuka inanata mgongoni, na feni ya chumba chetu hapa kambini inazungusha hewa ileile ya jana. Wenzangu wamelala. Bega la kulia linauma kama kawaida yake.

Lakini leo najivuna. Acha niliandike hivyo hivyo, maana si neno ninalolitumia sana.

Mbele yangu kuna kadi ya ukubwa wa kiganja. Upande mmoja ipo picha yangu na ya Wafula, tumesimama bega kwa bega, nyuma yetu rangi ya manjano tupu kama ukuta uliopakwa asubuhi. Chini kuna mstari mwekundu wenye majina yetu. Upande wa pili, ulio wa kijivu na unaokwaruza kidogo, kuna maelezo yetu kwa herufi ndogo. Nimeisoma tena na tena tangu nirudi kutoka Mabela.

Kwa asiyenijua: mimi napakia na kupakua marumaru katika ghala moja huku Oman, Rusayl. Siku sita kazini, Ijumaa mapumziko. Na Ijumaa asubuhi, miezi ambayo jua linavumilika, tunacheza besiboli kwenye kiwanja cha vumbi pembeni mwa Mabela, pale ambapo nyumba mpya hazijafika bado. Najua, Mtanzania na besiboli wapi na wapi. Nami nilicheka siku ya kwanza.

Aliyenipeleka ni Rodel, Mfilipino anayeendesha foklifti ghalani kwetu. Alikuwa ananitazama nikirusha vipande vya marumaru zilizovunjika kwenye pipa la taka, kutoka mbali, na vinaingia. Siku moja akaniletea mpira mgumu ulioshonwa kwa uzi mwekundu, akanionyesha nguzo, akasema nirushe. Nikarusha. Akasema, "Ijumaa twende."

Mkono huu niliupata shambani. Kwetu Singida uwele ukikaribia kukomaa, watoto wanakwenda kuamia ndege. Kwelea kwelea wakishuka kundi zima, shamba linaisha mchana mmoja. Kwa hiyo unakaa juu ya kichuguu na rundo la mabonge ya udongo, unarusha kutwa. Shule ilinipita hivyo, msimu baada ya msimu, mpaka nikaishia kidato cha pili. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mchezo ambamo mtu wa kurusha anapewa jina na timu nzima inasimama kumsubiri yeye aanze. Anaitwa mtupaji. Nilikuwa mtupaji wa timu yetu.

Anayedaka ninachorusha ni Wafula, Mkenya wa Bungoma, dereva wa lori la ghala letu. Anachuchumaa nyuma ya mpigaji, kavaa kinyago cha waya, na mdomo haufungi. Nikirusha mpira laini anauokota polepole, anaugeuza, halafu anapaza sauti uwanja mzima usikie.

"Jirani, huu uliurusha ama uliutuma na posta?"

Basi ndiyo timu. Wafilipino watano, Wahindi wawili, Mnepali mmoja, Wafula na mimi. Kumi.

Hiyo kumi ndiyo iliyonikosesha usingizi mwezi mzima.

Rodel anakusanya kadi za wachezaji wa besiboli. Dada yake anayeishi Amerika ndiye anayemtumia. Anazihifadhi kwenye albamu yenye kurasa za plastiki, kila ukurasa una vifuko tisa, tatu kwa tatu, na kila kadi inakaa kwenye kifuko chake kama yai. Siku ya kwanza kunionyesha nilidhani ni za zamani sana. Rangi zimefifia, fremu nene nyeupe, jina kwenye kisanduku, picha kama imechorwa kwa brashi. Kisha nikatazama vizuri nikaona yule mchezaji ana michoro shingoni na miwani ya kisasa. Rodel akacheka. Ni mpya, akasema, zimetoka juzi tu. Walizitengeneza zifanane na kadi za wakati wa babu zao. Mchezaji ni wa leo, nguo ya kadi ndiyo ya kale.

Sikuelewa kwa nini mtu atengeneze kitu kipya kionekane cha zamani. Kwetu ghalani marumaru ikionekana ya zamani inarudishwa.

Msimu ulipokaribia kwisha, Rodel akaja na wazo. Timu yetu nayo iwe na kadi zake, kwa mtindo uleule wa kale. Tuchange, tuchapishe, kila mtu apate seti yake, na yeye aziweke kwenye albamu, ukurasa mmoja, timu nzima kwa kutazama mara moja. Watu walifurahi mpaka kelele zikamwamsha msimamizi wa kambi aliyekuwa amesinzia.

Ukurasa mmoja, vifuko tisa. Na sisi kumi.

Wakati huo nilikuwa nimeumia. Katoni iliteleza juu ya rundo nami, kwa ujinga wa mwili, nikainua mkono kuidaka badala ya kuikimbia. Bega likalia. Tangu hapo nabeba kwa kushoto, na kutupa mpira siwezi. Mechi za mwisho nilikaa pembeni na dumu la maji, na Joji, fundi wa viyoyozi kutoka Kerala, akawa anatupa badala yangu. Anatupa vizuri. Inabidi niseme hivyo.

Nieleze kwa nini kadi ilinikaa moyoni kiasi hicho, maana ni karatasi tu.

Nina picha nyingi tangu nije Oman. Ya pasipoti, ya viza, ya bataka, ile kadi ya ukaazi tunayotembea nayo mfukoni, na ya kitambulisho cha ghalani. Zote niliambiwa nitazame mbele, nivue kofia, nisisogee. Na zote zinaomba ruhusa: niingie, nikae, nipite getini. Za simu zipo pia, lakini za simu zinazama chini ya nyingine, baada ya wiki huzioni. Sikuwa na hata picha moja inayosema tu kwamba huyu ni Daudi na anaweza kitu fulani.

Rodel aliniambia wakati wa chakula cha mchana, nyuma ya makontena. Lugha yetu ghalani ni ya mchanganyiko, Kiingereza kidogo, Kiarabu kidogo, mikono mingi, lakini alijitahidi aseme kwa upole.

"Kuya Daudi," akasema. Kuya kwao ni kaka. "Tisa ni wale waliomaliza msimu. Usikasirike."

Nikamwambia sawa.

Haikuwa sawa. Wiki ile nilipakia marumaru bila kumsemesha mtu. Nilimtazama Joji akipita na mkoba wake wa spana nikatamani naye kitu kimwangukie begani, kidogo tu, wiki mbili tu. Wazo hilo lilipopita nikashtuka. Mtu mzima, na ndevu zimeanza mvi, namwombea mwenzangu mabaya kwa ajili ya kadi.

Wafula hakusema kitu siku ile. Nilidhani hajali. Kumbe aliazima albamu ya Rodel, na kila alipokuwa anasubiri lori lake lipakuliwe alikaa ndani akifunua kurasa. Siku moja akashuka na kadi mkononi akaenda moja kwa moja kwenye foklifti. Nilikuwa karibu, nikasikia kila kitu.

"Rodel, hii ni ya kweli ama umechora wewe?"

"Ya kweli. Mpya, ya mtindo wa zamani."

"Mbona wako wawili?"

"Zamani walifanya hivyo. Wawili kadi moja, wakati mwingine hata watatu. Ndiyo hawa wapya wakaiga."

"Kwa hivyo inaruhusiwa."

Rodel akazima foklifti. Alikuwa ameona anakopelekwa. "Wafula, hao ni wachezaji wakubwa wawili."

"Hata mimi ni mkubwa. Tazama tumbo."

"Wewe una kadi yako tayari. Unataka nusu?"

"Na mimi kwenye kadi nitakuwa nadaka nini, kama huyu jirani harushi? Mtu amechuchumaa peke yake hivi, hakuna mtupaji popote. Watu watasema niko msalani."

Rodel ni mtu wa kufuata mtindo wa kale kwa kila kitu, mpaka unene wa fremu. Mtindo wa kale ulikuwa na kadi ya watu wawili, na ushahidi ulikuwa kwenye albamu yake mwenyewe. Alikuna kichwa chini ya kofia ya plastiki, akawasha foklifti.

"Simameni karibu-karibu siku ya picha," akasema.

Wafula alinipita bila kunitazama. Nilitaka kumshukuru. Nikamwambia, "Tumbo lako litanimalizia nafasi."

"Utasimama nyuma yake upate kivuli," akajibu, akapanda lori lake.

Alinigawia nusu ya kadi yake. Sijui kama mimi ningemgawia.

Siku ya picha wenzetu walisimama kama watu wa picha za simu. Mmoja vidole viwili, mwingine kidole gumba, mwingine kafungua mdomo kama anaona ajabu. Zamu yetu ilipofika nilisimama kama tulivyosimama kwetu mpiga picha alipopita na kamera yake siku ya Idi: mikono imenyooka, kidevu juu, macho yamekaza, hakuna kucheka, kwa sababu picha ni jambo la kukaa. Safari hii hakuna aliyeniamuru. Ni mimi nilitaka.

"Umesimama kama unaapishwa," Wafula akaninong'oneza.

"Funga mdomo wewe."

Rodel akashusha simu, akatutazama, akainua mkono kuwanyamazisha waliokuwa wanacheka. "Hivyo," akasema. "Hivyo ndivyo walivyosimama wale wa zamani." Akawarudisha wenzetu wote wapigwe upya, na akawaambia wanitazame mimi. Wakanitazama. Joji akaja kuniuliza mikono inakaaje, nikamshika viwiko nikamnyoosha. Ile hamu mbaya niliyokuwa nayo juu yake iliishia pale.

Halafu kukaja suala la mgongo wa kadi.

Katika albamu nzima Rodel ana kadi moja tu ya zamani kweli. Pembe zimeliwa, katikati ina mkunjo. Alitufunulia nyuma yake. Kulikuwa na mahali alikozaliwa mchezaji, mkono anaotupia, urefu wake. Na chini kabisa kuna kikatuni cha mtu mwenye msumeno, na maneno ambayo Rodel alitusomea: miezi ya baridi, mechi zikisimama, bwana huyu hufanya kazi ya kupasua mbao.

Nikamwambia asome tena. Akasoma.

Nikamuuliza kama wale wengine nao walikuwa na kazi. Akasema wengi. Mmoja alichimba makaa, mwingine alisambaza maziwa, mwingine alirudi kulima kwa baba yake. Mpira haukutosha kuwalisha mwaka mzima. Nikafunua kadi zake mpya zinazoiga zile, moja moja, nikitafuta mstari huo. Rangi wameiga, fremu wameiga, mpaka karatasi. Mstari wa kazi haupo kwenye hata moja niliyoiona. Rodel akasema wa siku hizi wanalipwa vizuri, wataandika kazi gani?

Nilikaa na hilo jambo siku kadhaa nikiwa nabeba kwa mkono wa kushoto. Tangu mwanzo nilidhani sisi, watu wa kambi, tunajipachika kwenye nguo za watu wakubwa. Kumbe yule wa kwenye kadi ya kale alikuwa na vumbi la mbao kwenye nywele. Alitoka kazini akaenda kucheza. Tofauti ni kwamba yeye alipumzika kazi akacheza kiangazi, sisi kiangazi hakuchezeki, na kazi ni mwaka mzima.

Tulipokaa kuandika maelezo, watu wakasita kwenye mstari huo. Mmoja akasema tuuache wazi. Mwingine akasema tuandike kitu kizuri, "biashara" au "ufundi", nyumbani wataiona. Mimi ambaye nilikuwa nimebakiza kidogo nikose kadi kabisa, nikasema, "Mimi niandikieni: hupakia marumaru, Rusayl."

Rodel akaandika.

"Na mimi, huendesha lori," Wafula akasema. "Andika pia kwamba hajawahi kugonga ukuta. Ile ya mwaka jana ilikuwa nguzo."

Baada ya hapo wakamiminika. Hutengeneza viyoyozi. Hupika kambini. Huosha vioo vya ghorofa. Joji akaomba kikatuni cha kiyoyozi kinachovuja. Kadi zetu zote zina mstari huo, na ndiyo maana nasema bila aibu kwamba zinafanana na za zamani kuliko hizo mpya za kwenye albamu.

Wa kutuchapia nilimpata mimi, kwa ajili ya lugha. Bi Zuhura ana duka la kuchapa hapo Mabela, kadi za harusi, mabango, mihuri. Ni Muomani, lakini wazee wake walitoka Unguja, na Kiswahili chake ni kile kinachokwenda taratibu na kufika mbali. Nilipomweleza habari ya kadi mpya zinazovaa ukale, mimi niliyechukua muda mrefu kuielewa, yeye alielewa kabla sijamaliza.

"Kama kisutu, ile kanga ya harusi," akasema. "Kisutu kinachapwa kila mwaka, rangi zile zile, na bibi harusi wa leo anajitanda kile alichojitanda bibi yake. Ungempa cha maua mengine angelikataa. Nyinyi nnakufahamuni."

Ndiye aliyetutafutia karatasi, ile ngumu ya kijivu wanayotengenezea maboksi ya halua. Rodel aliigusa akafumba macho. Ili majina yasikosewe, Rodel alimpelekea picha za bataka zetu zote. Maagizo yake yalikuwa mafupi: jina moja tu kwa kila mtu, kubwa, kama kwenye kadi za kale.

Leo asubuhi tulikwenda kuzichukua, Rodel, Wafula na mimi. Bi Zuhura alifungua duka kwa ajili yetu tu. Kadi zilikuwa mezani, kila seti imefungwa utepe wa dhahabu kama mwaliko wa harusi. Rodel akafungua ya kwanza, na nikaona uso wake unashuka.

Kwenye mstari mwekundu, chini ya picha yake, hakukuwa na jina moja. Kuliandikwa Rodel bin Abad.

Akachukua nyingine. Nayo ina bin. Zote zina bin. Wafilipino, Wahindi, Mnepali, wote wameandikwa kama watu wa kabila moja la milimani.

"Bi Zuhura," nikasema, "tuliomba jina moja."

"Nimeona. Mie nikasema huyu kijana kasahau." Alikuwa ametulia kabisa, anafuta miwani. "Kadi itoke kwangu, mwanamme mzima kasimama juu yake kama uyoga, hana babaake? Watu watauliza kachapa nani. Hata bwana harusi nisiyemjua namwandikia babaake, sembuse nyinyi mlio ugenini."

Nikamtafsiria Rodel. Rodel akasema kwa sauti ndogo kwamba Abad si baba yake. Kwao jina la katikati ni la ukoo wa mama. Nikamtafsiria Bi Zuhura.

"Basi na mama kapata haki yake," akasema. "Kwani si yeye aliyemzaa?"

Hapo ndipo nilipomsikia Wafula. Alikuwa ameshika kadi yetu na kifua kinatikisika. Nilidhani analia. Akaja akaegemea meza, machozi kweli yanamtoka, ya kicheko.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Daudi bin Hamisi. Boniface bin Wafula.

"Boniface ni la kanisa. Wafula ni mimi, jina langu la kuzaliwa. Mzee wangu anaitwa Barasa, ndilo la mwisho kwa bataka." Akapumua. "Mama, hapa nimejizaa."

Bi Zuhura akaweka mkono mdomoni. Utulivu wote ukamtoka. "Yarabi. Mwanangu, nisamehe. Nipe, nnakuchapia upya sasa hivi."

"Wacha, mama. Ni wangapi Kenya nzima ambao ni baba zao wenyewe?"

Tulicheka mpaka mtu wa duka la pili akachungulia. Rodel peke yake alikuwa bado anatazama kadi, akizigeuza, moja moja. Nilihofia amevunjika moyo, kwa jinsi alivyohangaikia kila kitu kifuate mtindo. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea. Kwenye kadi za zamani, zile zilizochapwa kwa makosa ndizo zinazotafutwa kuliko zote. Jina la mtu kwenye picha ya mwingine, mkono wa kulia ukawa wa kushoto. Wenye kuiga siku hizi mpaka makosa wanayaiga, wanayapanga wenyewe.

"Haya yetu hakuna aliyeyapanga," akasema, na uso wake ukafunguka taratibu. "Usirudie, mama. Zikae hivi."

Mimi nilirudi kulitazama jina langu, kwa sababu nyingine. Langu halikuwa na kosa. Kwenye bataka majina yangu matatu yamepangwa mstari mmoja kama katoni, na hakuna anayeyaangalia ila askari. Hapa Bi Zuhura kaweka bin katikati, na ghafla Hamisi si herufi tena, ni baba yangu, kasimama nami kwenye mstari mwekundu. Baba yangu alikuwa akinipelekea uji kule shambani, asubuhi, juu ya kichuguu. Alikuwa akisimama chini, anatazama mkono wangu, halafu anasema, "Juu kidogo."

Tulipokuwa tunaaga, Wafula aliomba kalamu. Kicheko kilikuwa kimemwisha. Akageuza kadi yake, akaandika nyuma, kwa herufi za mtu asiyezoea kuandika padogo: Barasa. Akachukua na yangu akaandika vilevile. Mzee huyo alishakufa, naye Wafula hakupata ruhusa ya kwenda kumzika. Aliwahi kuniambia hivyo mara moja, na hakurudia. Bi Zuhura alitazama pembeni, akawa anafunga tena utepe ambao haukuhitaji kufungwa.

Baada ya sala nilimtumia dada yangu picha ya kadi, mbele na nyuma, akampelekea baba. Baba haoni vizuri sasa. Dada akamweleza picha, akamsomea, kisha wakanipigia.

"Umesimama vizuri," baba akasema. Hilo lilikuwa la kwanza.

"Asante, baba."

"Na kazi yako wameiandika."

"Mimi ndiye niliyesema waiandike."

Nikasikia kuku nyuma yake. "Huyo mnene ni nani?"

"Ndiye anayedaka ninachorusha."

"Baba yake yumo?"

"Yumo. Kwa kalamu."

"Afadhali," akasema. Akamwambia dada asome tena tangu mwanzo, na simu ikabaki wazi, nikawa nasikia jina langu likisomwa kule nyumbani.

Sasa nimelala chali na kadi kifuani. Nafikiria msimu ujao. Joto hili litapita, bega huenda likapona, daktari wa zahanati anasema litapata nafuu nikilipumzisha, na nitamwomba msimamizi wa ghala anihamishie kwenye kuhesabu mzigo mpaka litulie. Nikirudi kutupa, watakuwepo watu wapya na wengine watakuwa wamerudi makwao, na Rodel ataniambia safari hii nafasi ipo, kuya, upigwe picha peke yako, kadi nzima yako.

Mwezi uliopita ningemjibu kabla hajamaliza kusema. Leo nadhani nitamwambia tuache watu wawili, kama mwaka huu. Sina uhakika. Mtu hujijua siku anapoulizwa, na mimi bado sijaulizwa.